Viatu Mlangoni pa Chumba cha Seva

Naitwa Nafuna, mtoto wa Webuye, na kama kuna mtu Kampala hii anayejua kupanga nyaya zikapangika, ni mimi. Mtu akisema najisifu, na aseme. Miaka minane nilitengeneza kompyuta kule Kawempe, kwenye duka la bwana mmoja ambaye kila nilichokifufua aliwaambia wateja amekifufua yeye. Siku niliyoondoka nilimpa maneno ambayo mtu akishayatoa hawezi kurudi kesho yake kuomba kazi. Kwa hiyo nilipoajiriwa Bukoto, kwenye kampuni ya vifurushi ya Bwana Makokha, nilijua vizuri kwamba mlango wa nyuma umefungwa na niliyeufunga ni mimi mwenyewe.

Makokha ni Mkenya mwenzangu, mtu mnene, mpole, mwenye viatu vikubwa vya kahawia ambavyo hung'arishwa kila asubuhi. Alianza na pikipiki mbili. Nilipofika alikuwa na matawi Kawempe, Nsambya, Busia na moja huko Bunagana, mpakani na Kongo. Ofisi kuu ilikuwa nyumba ya kawaida ya kuishi watu iliyogeuzwa ofisi, na vifurushi vilijaa mpaka bafuni. Na seva, mashine inayobeba kumbukumbu za kampuni nzima, ilikaa chini ya meza ya mapokezi, miguuni pa Fatumah, na juu yake thermosi ya chai.

Siku ya kwanza nilipoiona nilishika kichwa.

"Bosi, hii ndiyo roho ya kampuni yako?"

"Ndiyo hiyo."

"Na umeivalisha thermosi?"

Fatumah akacheka, akaitoa thermosi. Makokha hakucheka. Aliniuliza nahitaji nini. Nikamwambia nahitaji chumba, seva mbili zaidi, kiyoyozi, betri za akiba, kabati la chuma, na watu waache kuniuliza maswali kwa mwezi mmoja. Akanipa vyote. Hilo la maswali ndilo lililomshinda.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya vyakula karibu na jikoni, hatua tano kwa nne, bila dirisha. Nilikipaka rangi nyeupe. Nilitoboa ukuta, nikapitisha nyaya za buluu za mashine na za manjano za simu, kila moja na jina lake. Ocen, fundi wa viyoyozi, alikuja kufunga kiyoyozi, tukagombana siku nzima kuhusu kifungwe ukuta upi, na mwishowe kikafungwa nilipotaka mimi. Nilipowasha seva tatu ndani ya kabati lao jipya, taa za kijani zikawaka zote kwa pamoja, nilisimama pale nikajipigia makofi. Hakuna aliyeniona, lakini hata angeniona nisingeacha.

Kisha nikaweka sheria. Kwanza, viatu vinabaki nje, kwa sababu vumbi jekundu la Kampala huua mashine. Pili, funguo ni mbili tu, mmoja wangu na mmoja wa Makokha. Tatu, ndani ya mlango nilitundika daftari kwenye msumari: jina, saa ya kuingia, sababu, saa ya kutoka. Kila mgeni aandike. Mimi mwenyewe sikuandika hata siku moja. Mwenye nyumba anabisha hodi kwake?

Mtu wa pekee aliyenisumbua alikuwa Mama Pélagie. Ni Mkongo wa Bukavu, mama wa makamo, ndiye anayesafisha ofisi na kupika chai, na kila mtu pale, hata bosi, humwita mama. Alisimama mlangoni na ndoo yake akakitazama chumba.

"Mwanangu, kizuri. Padri anakuja lini?"

"Padri wa nini, mama?"

"Kukibariki."

"Mama, hiki ni chumba cha mashine. Kinataka baridi na umeme, basi. Padri akija na maji yake hapa ndani ataniunguzia vitu."

Alitikisa kichwa taratibu. "Nyumba haiingiwi hivi hivi," alisema, akaondoka na ndoo. Nami nikasahau.

Chumba kilifunguliwa Jumatatu. Jumanne, karibu saa nane mchana, narudi kutoka kula, namkuta Fatumah amesimama na simu mbili masikioni.

"Nyabo, dada yangu, simu zote iko kulia! Kawempe inasema mashine imekufa. Nsambya pia. Bunagana wananitukana kwa Kifaransa!"

Nilikimbilia chumbani. Seva zote tatu zilikuwa zimejizima, kimya kabisa. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma vizuri. Nikasoma kumbukumbu ya mashine: joto limezidi. Joto gani, na kiyoyozi kinafanya kazi? Niliziwasha, zikaamka, kila kitu kikawa sawa. Niliwaambia watu ni umeme. Moyoni sikuamini.

Alhamisi zikazima tena, mchana ule ule. Nilimpigia Ocen nikamwita majina ambayo sitayarudia hapa. Alikuja na ngazi yake, akafungua kiyoyozi chote, akakifunga, akakaa juu ya ngazi akinitazama.

"Mashine yangu haina ugonjwa. Chumba chako ndicho kina homa."

"Chumba kinapataje homa, Ocen?"

"Muulize aliyekijenga."

Mungu alinisaidia ngazi ile sikuivuta. Nilibadilisha betri, nikakagua nyaya moja moja mpaka vidole vikauma. Wiki ya pili, Jumanne, zikazima mara ya tatu. Siku hiyo lori zima la vifurushi lilikwama Busia kwa sababu hakuna aliyejua kipi ni cha nani.

Jumatano asubuhi Makokha aliniita ofisini kwake, akafunga mlango. Hajawahi kufunga mlango.

"Nafuna, dada yangu. Matawi yamenichosha. Kuna watu Nairobi wako tayari kuziweka mashine zetu kwao."

"Bosi, nipe muda."

"Nakupa mpaka Ijumaa saa kumi na moja jioni. Zikizima tena kabla ya hapo, Jumatatu tunahamisha kila kitu. Na mashine zikihamia Nairobi, sitakuwa na kazi ya kukupa hapa. Sitakuwa na jinsi."

Macho yake yalikuwa yamelowa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu anayekufukuza afadhali awe na ukali, ujue pa kumshika. Kuta za nyumba ile ni nyepesi, na nilipotoka niliona vichwa vyote vimeinama mezani. Walikuwa wamesikia kila neno. Mama Pélagie alinipa chai yenye sukari nyingi, nikainywa.

Sitadanganya, niliogopa. Mama yangu alikuwa amelitangazia kanisa zima la Webuye kwamba binti yake sasa ni mkubwa wa mashine Kampala. Chumba kile kilikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu ambacho hakuna mwanaume angeweza kusema amekifanya yeye. Na sasa kilikuwa kinaniaibisha mbele ya watu.

Alhamisi saa saba nilitoka kwenda kula kama kawaida, kwa Moreen, mpishi mwenye kibanda pale soko la Bukoto. Sijawahi kukosa matoke ya Moreen na mchuzi wake wa njugu. Saa saba hadi saa nane mimi sipatikani, na ofisi nzima inajua. Nilipokuwa nasubiri sahani, nilitoa karatasi niliyoandika saa ambazo seva zilijizima. Mara ya kwanza, saa saba na dakika arobaini na nane. Ya pili, saa saba na hamsini na moja. Ya tatu, saa saba na arobaini na sita.

Sahani ikafika. Niliitazama, nikaitazama karatasi. Mara tatu, na mara zote nikiwa hapa hapa kwenye benchi hili. Kumbe! Kuna mtu anangoja niende kula ndipo aingie aniharibie. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Nafuna, chakula!" Moreen aliita. "We Nafuna! Unakimbilia wapi?"

Nilikuwa nimeshavuka barabara. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimfikiria Ocen, nikamfikiria yule bwana wa Kawempe, labda amemtuma mtu. Nilijiapia kwamba huyo mtu nikimkuta, atatamani kuzaliwa upya.

Nilipita mapokezi bila kumsalimu Fatumah. Nikaingia kwenye korido ya jikoni, nikasimama.

Nje ya mlango wa chumba changu cha seva kulikuwa na viatu. Jozi tisa, zimepangwa ukutani kwa adabu, kuanzia kandambili za Mama Pélagie hadi buti za madereva. Na mwisho wa mstari, vikubwa, vya kahawia, vimeng'arishwa, viatu vya Makokha.

Walikuwa wametii sheria yangu. Hebu fikiria, watu wanakuja kukuua lakini kwanza wanavua viatu.

Nilisogeza sikio mlangoni. Ndani seva zilikuwa zinanguruma, feni zimepanda hadi mwisho, sauti niijuayo: mashine inatafuta hewa na haipati. Juu ya mngurumo huo nikasikia sauti ya Mama Pélagie, kwa Kiswahili chake cha Bukavu.

"Ee Baba, tunakuomba kwa ajili ya huyu mutoto Nafuna. Anatumika sana, kazi kila siku, Baba, unamuona. Hana mutu hapa Kampala. Usiache bamufukuze!"

"Amina!" wakaitika wote, na sauti ya Makokha ilikuwa juu kuliko zote.

"Hii roho inayozima mashini za Nafuna, unasikia vile inalia? Itoke!"

"Itoke!"

"Itoke!"

Yale maneno niliyoyapanga barabarani yalinitoka yote. Nilibaki nimeshika kitasa. Tangu bibi yangu afariki sijawahi kusikia mtu akilitaja jina langu mbele za Mungu kwa nguvu namna ile. Kisha feni zikapandisha sauti tena, na fundi aliye ndani yangu akanizaba kofi.

Nilifungua mlango. Joto lilinipiga usoni. Watu tisa walikuwa wamebanana miguu mitupu, jasho linawatiririka, mikono yao imewekwa juu ya kabati langu. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Makokha alikuwa amefumba macho na kiganja chake kikubwa kimefunika kabisa tundu ambalo seva hupumulia.

"TOKENI!"

Wakafumbua macho.

"Nafuna," Makokha alianza, "tulikuwa tu..."

"Bosi, toa mkono! Nani amezima kiyoyozi?"

"Mimi, mwanangu," alisema Mama Pélagie. "Ile baridi inaniingia kifuani. Na kelele yake, watu hawasikii maombi. Tukimaliza tunawasha."

Nilitazama namba ya joto kwenye uso wa seva. Arobaini na mbili. Ikifika arobaini na tano inajizima yenyewe ili isiungue. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini. Nilirukia kidude cha kiyoyozi, nikawasha, lakini kiyoyozi hakipoozi chumba kwa dakika mbili. Arobaini na tatu.

"Maboksi!" nilipiga kelele. "Kila mtu achane boksi la vifurushi, kipande kikubwa! Madereva, mlango uwe wazi, simameni koridoni mvute hewa nje. Nyinyi wengine pepeeni huku, chini, mbele ya kabati. Fatumah, lete feni yako ya mezani!"

Hakuna aliyeuliza swali, kwa mara ya kwanza katika historia ya kampuni ile. Maboksi yakachanwa. Wakapepea. Makokha, mkurugenzi, miguu mitupu, tai imehamia begani, alikuwa akipepea kwa kifuniko cha boksi lililoandikwa BUNAGANA kama mtu anayechoma nyama ya harusi. Fatumah aliingiza feni. Mama Pélagie alipiga magoti akapepea chini kabisa kwa khanga yake, akinong'ona bado.

Arobaini na nne.

Nilishika kabati.

Namba ikakaa. Ikakaa pale nikahesabu pumzi zangu ishirini. Kisha ikashuka arobaini na tatu, na tukaendelea kupepea. Arobaini na moja. Thelathini na nane. Ngurumo ya feni ikaanza kuteremka, polepole, mpaka ikawa ule mvumo mdogo wa kila siku, na kati ya taa za kijani haikuzimika hata moja.

"Ametoka," alisema Mama Pélagie.

"Nani?"

"Ule shetani. Siku zote huwa hivi. Tukianza kuomba mashini inalia. Tukizidi, inalia zaidi. Halafu inanyamaza, tunajua tumeshinda, tunatoka."

Nilimtazama. Niliwatazama wote, wamesimama na vipande vya boksi, jasho puani, wanangoja niwashukuru.

"Mama," nilisema, "inaponyamaza, huwa imekufa."

Vipande vya boksi vikateremka mikononi mwao.

"Inalia kwa sababu ya joto. Watu tisa kwenye chumba kidogo, kiyoyozi kimezimwa, mlango umefungwa. Ndiyo maana inajizima. Ni Jumanne na Alhamisi, sivyo?"

"Jumanne na Alhamisi," Makokha alikubali kwa sauti ndogo. "Ile Jumanne ya kwanza tulikuja kukibariki tu, kwa sababu wewe ulikataa padri. Mashine zikazima. Tukasema, ala, kuna vita hapa. Tukaongeza maombi."

"Na zikazidi kuzima."

"Na sisi tukazidi kuomba." Alikaa chini sakafuni, mtu mzima yule. "Kwa hiyo shetani ni sisi?"

Nilitaka kuwafokea. Haki ya Mungu nilitaka, nilikuwa nayo haki hiyo, wiki mbili sijalala vizuri. Lakini kilichotoka kilikuwa kicheko. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, na dereva mmoja akacheka, Fatumah akashika mbavu, Makokha akacheka pale chini tumbo likitetemeka. Mama Pélagie peke yake ndiye aliyekuwa analia. Nikamkumbatia, jasho kwa jasho, nikamwambia asante mama, na nilimaanisha.

"Sasa mashini zitaombewa wapi?" aliniuliza akifuta macho.

"Verandani. Maombi si nyaya, mama, hayahitaji nitoboe ukuta."

Ijumaa kila aliyepita koridoni alitembea kwa ncha za vidole. Saa saba waliimba verandani, nikawasikia kutoka chumbani kwangu, kwa maana siku hiyo sikwenda kwa Moreen. Namba ilikaa ishirini na mbili. Saa nane, saa tisa, saa kumi. Saa kumi na moja kamili Makokha alisimama mlangoni akavua viatu, akanyoosha mkono, nikaushika.

"Mashine hazihami," alisema.

"Nilijua."

"Wewe hukujua lolote, Nafuna."

"Basi najua sasa."

Akaguna. "Matawi wanataka ripoti ya maandishi. Chanzo cha tatizo na jina la aliyekosea." Alikuna shingo. "Andika mimi. Ufunguo ulikuwa wangu."

Nilibaki peke yangu na karatasi. Ni kweli, ufunguo ulikuwa wake, na kiyoyozi alikizima mama. Nilikuwa na makosa ya watu tisa ya kuchagua. Nikahitaji tarehe kamili, na ndipo nilipokumbuka daftari. Nililitoa kwenye msumari, nikalifungua.

Lilikuwa limeandikwa. Jumanne ya kwanza, majina tisa, kila mtu kwa mkono wake. Kuingia saa saba na dakika tano. Kutoka saa saba na dakika hamsini. Alhamisi, tisa. Jumanne ya pili, tisa. Hawakuficha kitu. Wiki mbili nilikuwa nalipita bega kwa bega nikimtafuta mchawi, na mchawi ameandika jina lake, saa yake, na sababu yake, kama nilivyoamuru. Mtu mmoja tu ndiye aliyeona sheria ile haimhusu.

Kisha nikasoma safu ya sababu. Jumanne ya kwanza walikuwa wameandika "kubariki chumba". Alhamisi, mkono wa Makokha: "Nafuna." Chini yake, mkono wa Mama Pélagie, herufi kubwa zilizopinda: "Nafuna." Dereva wa Nsambya, ambaye sijawahi hata kumuuliza jina lake kamili: "Nafuna." Jina langu lilishuka ukurasa mzima, kisha ukurasa wa pili, mikono tofauti, wino tofauti. Nililia, basi. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma, hakuna aliyenisikia.

Kwenye ripoti niliandika: chanzo, chumba kiliingiwa na watu wengi kuliko uwezo wake. Aliyekosea ni Nafuna, msimamizi wa chumba, ambaye hakusoma daftari lake. Nikaweka sahihi.

Halafu nikafungua ukurasa mpya wa daftari, nikaandika jina langu kwa mara ya kwanza, na saa. Kwenye safu ya sababu niliandika majina yao wote tisa, na ilibidi nitoke kwanza nikamuulize dereva wa Nsambya lake. Anaitwa Erinayo.